Wifi Yangu Burga na Sarafu Zilizolowa

Ukitaka kumuudhi wifi yangu Burga, simama mbele ya mashine yoyote ya sarafu, na sarafu yako ikirudishwa, isugue kwenye bati la mashine halafu uitumbukize tena. Kijiji kizima cha Kirchbronn hufanya hivyo. Nenda kituo cha treni, nenda bwawa la kuogelea, nenda hata kwenye mashine ya mishumaa kule makaburini: pembeni mwa kila tundu utakuta rangi imechubuka hadi chuma kinang'aa, na kila mtu anaapa kwamba kusugua kunasaidia. Mimi pia nasugua, ila naangalia kwanza kama Burga hayupo.

"Inakubaliwa mara ya pili kwa sababu safari hii imeviringika vizuri," husema. "Si kwa sababu umeikwaruza. Hata ungeipigia mluzi ingekubaliwa."

Jina lake kamili ni Walburga Stützle, dada mkubwa wa mume wangu Eugen. Wote wawili walizaliwa juu ya baa ya wazazi wao. Ukutani kulikuwa na mashine ya sigara, na karibu na mlango lilisimama sanduku la muziki. Watoto wengine walisikiliza nyimbo. Burga alisikiliza kile kinachotokea kabla ya wimbo: sarafu inaanguka, inagonga kitu, kimya kidogo, kisha klak! Alitaka kujua ndani ya kile kimya mna nini. Siku fundi alipokuja kutoka mji wa Ulm kulifungua lile sanduku, binti aliacha chakula mezani akaenda kusimama nyuma ya yule fundi, akaganda hapo mpaka akaambiwa basi angalau ashike tochi.

Alichokiona siku ile hadi leo anakisimulia kwa mikono yote miwili. Sarafu inapita kwanza kwenye mlango wa kipimo. Ikiwa nene au pana kupita kiasi, haiingii. Kisha inaangukia kikombe kidogo chenye mizani. Ikiwa nyepesi, kikombe hakiinami, na sarafu inakaa hapo mpaka ubonyeze kitufe cha kuirudisha. Ikiwa na uzito wake, kikombe kinainama na kuimwaga kwenye mteremko wenye sumaku. Chuma kinanaswa papo hapo. Shaba hainaswi, lakini sumaku inaipunguza mwendo, na kila madini hupunguzwa kwa kiasi chake. Kwa hiyo sarafu ya halali hutoka mwisho wa mteremko kwa kasi yake yenyewe na kuruka umbali wake wenyewe, ikadondoka upande wa wimbo. Ya uongo huruka mbali mno au karibu mno, ikarudi kwa mwenyewe. Umeme haukuhitajika hata chembe.

"Ni mtihani," Burga husema, "na mtahiniwa haruhusiwi kusimama hata kuvuta pumzi."

Alipomaliza shule akaomba kujifunza kazi kwenye kampuni ya mashine hizo, msichana peke yake kati ya wavulana. Juma la kwanza wakamtuma stoo akalete mafuta ya sumaku, kitu ambacho hakipo duniani. Akaenda, akarudi na siagi ya kantini, akaipaka kwenye mishikio ya baiskeli zao zote. Hawakumtuma tena.

Tangu hapo amezunguka wilaya yetu na gari lake dogo lenye brashi, spiriti, bisibisi na vifuko vya sarafu za majaribio. Yuro ilipokuja, mashine zote zilibidi zifundishwe pesa mpya, na majira yale ya baridi tulimwona Krismasi tu, tena akasinzia kwenye supu. Nimemwona akifungua mashine iliyomwagiwa bia, iliyotiwa ubani wa kutafuna, iliyopigwa mateke na timu nzima ya mpira, na sijawahi kumsikia akimtukana aliyefanya hivyo. Kuna mwaka mashine za sarafu za mabafu ya kambi ya mahema zilikuwa zinakula vibati vya mviringo vilivyokatwa kwa mkasi, na maji ya moto yanatoka. Burga aliviangalia vile vibati, akatambua mkasi wa fundi bati gani umevikata, na kwa mkono wa nani. Hakusema kwa polisi wala kwa mke wa fundi. Alivifunga vyote kwenye karatasi, akavitundika kwenye kitasa cha mlango wa kijana mmoja, mwanafunzi wa fundi huyo. Basi, vibati vikakoma. Mimi nilimbembeleza wiki nzima aniambie jina, akaniambia, "Wifi, umbea wako utakuua."

Mimi na Eugen ni wafugaji. Kando ya barabara tuna kibanda cha maziwa: unaweka chupa chini ya bomba, unatia sarafu, maziwa yanatoka. Burga ndiye aliyekifunga kipima sarafu chake, akamwonya mdogo wake asikiguse. Ndiyo maana akakigusa.

Ilikuwa Jumatano ya Majivu. Kwetu, baada ya zile siku za ngoma, vinyago na ulevi zinazotangulia Kwaresima, asubuhi ya Jumatano ya Majivu watu wote huvaa nyeusi, bendi ya tarumbeta hupiga nyimbo za msiba, na tunaandamana hadi kwenye chemchemi ya uwanja wa kanisa kuosha pochi. Pochi inatakiwa iwe tupu, kwa kuwa sherehe zimeimaliza. Lakini sisi wa Kirchbronn huwa tunaacha sarafu chache humo ndani ziwaite wenzao mwaka mzima. Tunachovya, tunapiga mayowe ya kilio, tunacheka, tunaenda kula samaki wa chumvi. Na tukirudi nyumbani tunapitia maziwa.

Kwa hiyo siku ile foleni nzima kibandani ilikuwa na sarafu zinazochuruzika maji, nyingine zimegandiana kwa bia ya tangu Jumatatu. Mashine ikatema. Watu wakasugua. Mashine ikatema. Maneno yakaanza, kwamba kibanda cha Stützle kimeharibika, afadhali dukani. Eugen akaona haya. Akafungua mlango wa mashine, akasoma maelekezo yaliyobandikwa ndani: bonyeza kitufe, tia sarafu kadhaa za aina moja, kipima kitazikumbuka. Akakusanya zile zile za kwenye foleni, zilizolowa na kunata, akazitia moja baada ya nyingine. Taa ya kijani ikawaka. Tangu hapo mashine haikutema kitu, na mume wangu akatembea kifua mbele.

"Nimeifundisha mwenyewe," akaniambia. "Tusimsumbue dada kila saa."

Wiki chache baadaye alipomwaga sanduku la pesa, kati ya yuro mbilimbili zikatoka lira za Uturuki, zaidi ya konzi moja. Lira moja ni ya rangi mbili, na kwa ukubwa na uzito inaikaribia sana yuro mbili. Thamani yake hata haifiki nusu. Eugen alizitazama, na sura yake ikabadilika.

Katika Kirchbronn kuna familia moja ya Kituruki. Mama Emre, jina lake Nurcan, hununua maziwa mengi kuliko mtu yeyote, kwa ajili ya mtindi, na hupika chakula cha watoto kwenye chekechea ya kijiji. Wazazi humkabidhi yeye pesa ya chakula mkononi. Alipokuja na ndoo yake Alhamisi iliyofuata, Eugen alikuwa anamsubiri na lira zake ndani ya kopo la rangi lenye kifuniko. Palikuwa na watu.

"Mama Emre," akasema, akilitingisha kopo. "Pesa za kwenu hizi. Hapa si benki."

"Si zangu."

"Za nani basi? Za paroko?"

Watu wakacheka. Mama Emre alimtazama, akaitazama ndoo iliyojaa nusu, akaiacha pale pale chini ya bomba, akaondoka. Kufika Jumatatu habari ilikuwa imeshaingia chekechea. Mkuu wa chekechea akamwambia Mama Emre apumzike nyumbani kwanza mpaka mambo yaeleweke, kwa sababu ya zile pesa za wazazi. Hajafukuzwa, walisema. Lakini mpishi aliyewekwa nyumbani kwa ajili ya pesa, katika kijiji kama chetu, nani atampa tena kijiko? Nilimwambia Eugen maneno ambayo siyaandiki hapa. Akaniambia mimi nina huruma isiyo na akili. Nikampigia simu Burga.

Alikuja kesho yake na mfuko wake wa vifaa. Hakusalimia sana. Alikitoa kile kipima, kitu kidogo unachoweza kukishika kwa mkono mmoja, akakifungua ubavu kama mtu anayefungua kitabu, akanusa.

"Bia," akasema.

Akapitisha yuro mbili polepole kwa kidole ili mimi nione. "Tazama, wifi. Inaviringika hapa. Hapa kuna vijicho viwili vya mwanga. Muda inaotumia kutoka kijicho cha kwanza hadi cha pili ndio mwendo wake. Muda ambao kivuli chake kinafunika kijicho ndio upana wake. Hizi hapa ni koili, nyaya zilizoviringwa, zinatoa nguvu ya sumaku. Sarafu ikipita katikati, inaitikisa ile nguvu, na kila madini yana mtikiso wake. Yuro mbili ina nikeli moyoni, kwa hiyo ukingo unasema hivi, kitovu kinasema vile. Kipima kinalinganisha na kinachokumbuka. Kwa kila kipimo kinajua mpaka wa chini na mpaka wa juu. Ukiwa katikati ya mipaka yote, kilango hiki kinafunguka. Ukikosa mmoja tu, unarudi kwa mwenyewe."

"Na kuhesabu je?"

"Kuna kijicho kingine huku chini, baada ya kilango. Haihesabiwi mpaka ipite hapa. Wajanja walikuwa wanaifunga sarafu uzi, wanatia, wanavuta. Sasa ukivuta huhesabiwi kitu."

Alichomeka kidude chake cha kusomea, akasoma namba. Kisha akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa anajifanya anafagia.

"Eugen. Nani kakifundisha hiki?"

"Kufundisha nini?"

"Mipaka ya yuro mbili imeachana, ng'ombe wako anapita katikati. Ulitia sarafu gani?"

Eugen akaegemea fagio. "Zilizokuwepo."

"Zilizokuwepo lini?"

"...Jumatano ya Majivu."

Nilidhani Burga atamrukia. Badala yake alikaa juu ya kreti la chupa, akacheka mpaka akafuta machozi. "Zimetoka kwenye chemchemi! Mdogo wangu jamani! Sarafu iliyolowa inagandia ukuta, inajiburuta, kivuli chake kinachelewa. Nyingine ina bia, inachelewa zaidi. Nyingine imekauka, inakimbia. Hiki maskini kikasema: aa, kumbe yuro mbili za hapa ndivyo zilivyo, kila moja na lake. Kikafungua milango yote. Hata kifungo cha koti lako ungekitia kingesema karibu."

"Sawa," Eugen akasema, masikio mekundu. "Mlango niliuacha wazi mimi. Lakini aliyeingia ni nani? Kipima hakikumtuma mtu kutia lira."

"Hakijui nani," Burga akajibu. "Na wewe pia hujui. Tofauti ni kwamba chenyewe hakijasema kitu mbele ya watu."

Akakisafisha kwa spiriti, akakausha, akakifundisha upya kwa sarafu kutoka kwenye kifuko chake: mpya, kuukuu, zilizochakaa, za nchi mbalimbali za yuro, zote kavu. Akatia lira moja. Ikarudi. Akatia tena, na tena, kwa nguvu, kwa taratibu. Ikarudi kila mara. Jioni alikwenda kwa Mama Emre, akakaa huko mpaka giza likaingia, na aliporudi hakuniambia walichozungumza. Nilijua tu kwamba walikunywa chai nyingi, maana alijisaidia mara mbili.

Jumamosi ndiyo siku ya foleni. Burga alikaa kando ya kibanda na kikombe chake cha kahawa, kama fundi anayeangalia kazi yake. Mkuu wa chekechea alikuwepo na chupa zake. Wa kwanza alikuwa Alban, mpiga tarumbeta. Akatia sarafu ikarudi, akaisugua kwenye bati, akatia ikarudi. Akasugua kwa nguvu zaidi.

"Sugua, Alban, sugua," Burga akasema. "Labda itageuka yuro."

Alban akaisogeza karibu na macho. "Hii nini tena? Nimeitoa wapi?"

"Antalya," mkewe akasema nyuma yake. "Chenji ya aiskrimu. Si nilikwambia uangalie chenji?"

Oktoba iliyopita bendi nzima ya tarumbeta ilikwenda Antalya, kule Uturuki, hoteli ya baharini, bei ya kutupa, na wake na waume zao. Nusu ya Kirchbronn ilikuwa kule. Walirudi na jua usoni na lira kwenye pochi, wakazitunza humo bila kujua, wakaziosha kwenye chemchemi ziwaite wenzao, na kila asubuhi ya maziwa wakazitia kwenye mashine yetu kwa roho safi kabisa; kwa njia ya chenji zikatufikia hata sisi tuliobaki. Mke wa mwokaji akarudishiwa mbili. Mpiga ngoma akarudishiwa moja, akaificha mfukoni haraka, lakini tulishaiona. Kila iliporudi, ililia kwenye kisahani cha chuma, klin, na hakuna aliyecheka tena.

Eugen alikuwa amesimama mlangoni pa zizi, mikono kifuani. Burga hakugeuka hata kumtazama.

"Na wewe njoo utie," akasema.

"Mimi ninunue maziwa yangu mwenyewe?"

"Njoo."

Akaja. Akatoa pochi yake, ile ile iliyochovywa kwenye chemchemi, akatia sarafu ya kwanza, ikapokewa. Ya pili ikarudi. Klin. Mimi nilisimama pale nikiutazama mgongo wa mume wangu, nikamwonea aibu, nikamwonea na huruma.

Wakati huo Mama Emre alikuwa ameshafika na ndoo nyingine. Burga alikuwa amemwomba jambo moja tu, nilikuja kujua baadaye: aje anunue maziwa yake kama kawaida, asiseme neno asilotaka kulisema. Watu wakampisha. Hakutaka kupishwa, alisubiri zamu yake. Kisha akaanza kutia sarafu, moja baada ya nyingine, ndoo ni kubwa, na sisi sote tukasikiliza. Kila sarafu iliteremka, kimya kidogo, kisha ikaangukia sandukuni. Hakuna hata moja iliyorudi.

Mkuu wa chekechea akakohoa. "Mama Emre, Jumatatu watoto watakusubiri."

"Watoto wananisubiri, au wewe?"

"Mimi pia," mkuu akasema, akainama. "Na nisamehe."

Eugen akasogea. Mkononi alikuwa amezishika lira zote, za kopo na za asubuhi ile. Mume wangu si mtu wa kusema mbele za watu. Hata harusini kwetu alisoma kwenye karatasi.

"Nilikutuhumu mbele ya watu," akasema. "Mbele ya watu nasema nilikosea. Zilikuwa zetu."

Mama Emre alikuwa anautazama mkono wa Eugen. Akachukua lira moja, akaigeuza upande wa pili, akaisoma, akaipitishia kidole gumba ukingoni kama mtu anayepima kitambaa.

"Ndizo hizi?" akauliza.

"Ndizo."

"Ndogo hivi." Akaigeuza tena. "Mara ya mwisho kwenda kwetu, mkate tulinunua kwa noti za malaki. Baadaye wakabadilisha pesa, nikasikia kwenye simu. Hizi sijawahi kuzishika."

Burga aliweka kikombe chake chini taratibu.

"Naweza kubaki na hii?" Mama Emre akauliza.

"Chukua zote," Eugen akasema. "Tafadhali. Zote."

Aliiweka ile moja kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo, akanyanyua ndoo yake.

"Hapana," akasema. "Zilizobaki ni zenu."